Kumpima Mgonjwa wa Lugha Kutoka Mbali

Miongoni mwa maradhi ya ubongo yamo ambayo hayampigi mtu kwa ghafla kama kiharusi, bali humwingia polepole, mwaka hadi mwaka. Baadhi yake huanza kwa kuharibu lugha. Mtu aliyekuwa msemaji hodari huanza kutafuta jina la kitu alichokishika mkononi. Mwingine huacha viambishi na viunganishi, akabaki na maneno makavu yasiyoshikana. Mwingine tena husema bila kukwama, lakini maana za maneno ya kawaida zimemtoka. Jamaa zake hudhani kwamba ni uzee, au uchovu, au ukaidi. Hata wapo wanaosema amerogwa. Wakati huo wote maradhi yanaendelea na kazi yake.

Wataalamu wanaoweza kuyatambua maradhi haya mapema ni wachache, na hospitali zenye ujuzi huo ziko mbali na wagonjwa walio wengi. Kwa sababu hiyo imezuka njia ya kumpima mgonjwa akiwa nyumbani kwake huku mpimaji yuko mji mwingine au hata nchi nyingine, wakionana na kusikilizana kwa simu au kompyuta. Katika makala haya itaelezwa jinsi upimaji huo unavyofanyika, na litajibiwa swali ambalo kila mwanafunzi wa sayansi hana budi kuliuliza mbele ya kipimo chochote: Je, kinachoonekana katika kipimo kimetoka katika kitu kinachopimwa, au kimetoka katika chombo cha kupimia?

Matamshi na lugha

Kwanza inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Matamshi ni kazi ya misuli ya kifua, koo, ulimi na midomo, ikiongozwa na mishipa ya fahamu. Lugha ni mfumo wa maneno, maana na kanuni uliomo katika ubongo. Mgonjwa wa Parkinson, maradhi yaliyoelezwa na daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817, aghalabu huwa na sauti hafifu isiyopanda wala kushuka. Hata hivyo maneno yake anayo, na sentensi zake kwa kawaida hushikana. Kilichoharibika hasa ni matamshi. Kinyume chake, mtu mwenye afasia, yaani upotevu wa lugha, huenda misuli yake ni mizima kabisa, lakini neno alitakalo halimjii, ama kwa kusema ama kwa kuandika.

Kwamba lugha ina makao yake katika ubongo ni jambo lililodhihirika katika karne ya 19. Mwaka 1861 mpasuaji Mfaransa Paul Broca alimchunguza mjini Paris mgonjwa aliyekuwa akifahamu mengi aliyoambiwa, lakini asiyeweza kutamka ila silabi moja, "tan". Mgonjwa huyo alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta jeraha katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke, daktari Mjerumani, alieleza aina nyingine, ambayo ndani yake mgonjwa husema maneno mengi lakini hafahamu vizuri anayoambiwa. Katika hali hiyo jeraha lilikuwa nyuma zaidi, upande uleule wa kushoto.

Wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida ni watu waliopatwa na kiharusi au waliojeruhiwa kichwani. Jeraha likishatokea halizidi, na pengine mgonjwa hupata nafuu. Lakini mwaka 1892 Arnold Pick, aliyekuwa akifanya kazi mjini Prague, aliandika habari za mgonjwa mzee ambaye lugha yake iliharibika pamoja na kunywea kwa sehemu ya ubongo wake. Ilipita karibu karne moja kabla jambo hili halijapata jina lake linalotumika leo. Mwaka 1982 daktari M.-Marsel Mesulam, akiwa Marekani, alieleza habari za watu 6 ambao lugha yao ilikuwa ikipungua kidogo kidogo kwa miaka, na huku kumbukumbu, akili na mwenendo wao bado vimesalia. Hali hiyo inaweza kuitwa kwa Kiswahili afasia inayozidi polepole.

Aina tatu za afasia inayozidi polepole

Mwaka 2011 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kuigawa afasia hiyo katika aina tatu. Mifano inayofuata imebuniwa ili kuonyesha tofauti zake.

Aina ya kwanza huharibu sarufi na mtiririko wa usemi. Mtu aliyetaka kusema "Watoto wanacheza mpira uwanjani" atasema kwa shida: "Mtoto... mpira... cheza." Anajua anachotaka kusema, lakini viungo vinavyoyafunga maneno pamoja vimelegea.

Aina ya pili huharibu maana. Mgonjwa husema kwa wepesi na kwa sarufi nzuri. Hata hivyo, akiulizwa kama anapenda machungwa, hujibu: "Chungwa? Chungwa ndiyo nini?" Hakulisahau jina tu, maana yenyewe imefutika, hivyo hata akitajiwa jina hilo halimsaidii.

Aina ya tatu huharibu upatikanaji wa maneno na uwezo wa kuyashika kwa muda mfupi. Mgonjwa husimama mara kwa mara katikati ya sentensi akitafuta neno. Akiambiwa arudie sentensi fupi ataweza. Akipewa sentensi ndefu, maneno ya mwisho humponyoka. Mara nyingi mabadiliko yanayokutwa katika ubongo wa wagonjwa wa aina hii ni yale ya maradhi ya Alzheimer.

Ni dhahiri kwamba ili kuzitenganisha aina hizi mpimaji hana budi kusikia mambo madogo sana: kiambishi kilichoachwa, herufi iliyobadilishwa, kimya cha nusu sekunde kabla ya jina la kitu. Haya ndiyo mambo ambayo chombo cha mawasiliano kibovu huweza kuyafuta, au kuyazusha mahali ambapo hayapo.

Jinsi lugha inavyopimwa

Upo mtihani wa afasia uliotungwa na Andrew Kertesz nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 1982, ambao umekuwa ukitumika sana tangu hapo, pamoja na marekebisho yaliyofuata. Ndani yake mgonjwa hueleza kinachotendeka katika picha, hujibu maswali, hutii maagizo, hurudia maneno na sentensi, na hutaja majina ya vitu. Alama zake hujumlishwa katika kipimo cha 0 hadi 100. Anayepata chini ya 93.8 huhesabiwa kuwa na dalili za afasia. Mtihani mwingine, uliotungwa mjini Boston, una picha 60 ambazo mgonjwa hutakiwa kuzitaja, kuanzia vitu vya kawaida hadi vitu visivyoonekana mara kwa mara.

Kwa mgonjwa wa kiharusi, mtihani mmoja huweza kueleza mengi. Kwa mgonjwa ambaye maradhi yake yanazidi, mtihani mmoja hautoshi. Swali lake kubwa ni hili: maradhi yanakwenda kwa kasi gani? Jibu hupatikana kwa kupima mara ya kwanza, kupima tena baada ya miezi kadhaa, kisha kutafuta tofauti. Ni sawasawa na mwanafunzi wa elimu ya viumbe anayepima ukuaji wa mche. Urefu wa siku moja haumwambii kitu kuhusu ukuaji. Tofauti ya siku mbili ndiyo inayomwambia. Na kama siku ya kwanza alitumia rula moja na siku ya pili rula nyingine isiyolingana na ile ya kwanza, tofauti atakayoipata si ya mche peke yake.

Ichukuliwe kwamba mgonjwa alipata alama 88 alipopimwa ana kwa ana hospitalini, na miezi 6 baadaye akapata alama 83 alipopimwa kwa kompyuta akiwa nyumbani. Tofauti ni alama 5. Kama chombo peke yake kilimpunguzia alama 3, basi maradhi yamemwondolea alama 2 tu. Jamaa zake wakiambiwa kwamba ameshuka alama 5 watatishika bure, na huenda wakafanya haraka maamuzi mazito juu ya kazi yake na mali yake. Kosa la upande wa pili nalo lina hasara: kushuka kwa kweli kukidhaniwa kuwa ni ubovu wa waya, mgonjwa atapoteza miezi ambayo bado angeweza kusema matakwa yake.

Habari za upimaji wa kutoka mbali

Wazo la kumhudumia mgonjwa aliye mbali kwa njia ya televisheni si jipya. Mwaka 1964 taasisi ya magonjwa ya akili ya Nebraska, mjini Omaha, Marekani, iliunganishwa kwa televisheni ya njia mbili na hospitali ya mji wa Norfolk, umbali wa kilomita 180 hivi. Miongoni mwa kazi zilizofanywa kwa njia hiyo zilikuwamo uchunguzi wa mishipa ya fahamu na mafunzo ya usemi.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza jaribio lililopangwa kwa akili. Watu 32 waliopoteza lugha kwa kiharusi au majeraha ya kichwa walipimwa na wapimaji wawili kwa wakati mmoja, mmoja akiwa chumbani pamoja na mgonjwa, na mwingine akifuata kwa njia ya intaneti. Mmoja aliongoza mtihani, na mwenzake alitoa alama kimya kimya. Faida ya mpango huu ni kwamba wote wawili waliyapima majibu yaleyale. Kama alama zao zilitofautiana, mgonjwa hakuweza kulaumiwa kwamba siku moja alikuwa mchovu na siku nyingine mchangamfu. Kwa jumla alama za wapimaji hao zilikubaliana vizuri.

Mwaka 2020, mwaka ambao maradhi ya UVIKO-19 yaliwazuia wagonjwa wengi kufika hospitalini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walieleza jinsi walivyoutoa mtihani ule wa Kertesz kwa video kwa watu 20 wenye afasia iliyotokana na jeraha la ubongo. Kila mmoja alipimwa pia ana kwa ana, na alama za njia mbili zilikaribiana sana. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, walitangaza matokeo ya namna hiyo kwa kikundi kidogo cha watu wenye afasia inayozidi polepole.

Matokeo haya yanatia moyo, lakini yasomwe kwa uangalifu. Majaribio hayo yalifanywa na watu waliokwisha kujiandaa. Vyombo vilijaribiwa kwanza, vitu vya mtihani viliandaliwa, na kanuni za utoaji alama zilijulikana. Hayasemi kwamba simu yoyote na mahali popote vitafaa. Ili kufahamu sababu, inafaa kutazama mambo yanayoipata sauti njiani.

Sauti inapopita katika waya

Jambo la kwanza ni masafa ya mawimbi. Simu za kawaida zimejengwa ili kupitisha mawimbi ya sauti kati ya hezi 300 na hezi 3400. Kiasi hicho kinatosha kwa mazungumzo, maana irabu nyingi na konsonanti kama m, n na l hutambulika ndani yake. Lakini nguvu kubwa ya sauti ya s huwa juu ya hezi 4000, na sauti ya f nayo huenea hadi juu sana. Simu ikizikata sehemu hizo, s na f na th hukaribiana. Mgonjwa akisema "suka", mpimaji huenda akasikia "fuka". "Samani" ikawa "thamani". "Suta" ikawa "futa". Mpimaji asiyejua fizikia ya chombo chake ataandika kwamba mgonjwa hubadilisha herufi, na ubadilishaji wa herufi ni mojawapo ya dalili za afasia. Mawasiliano ya intaneti, na simu za namna mpya, huweza kupitisha masafa mapana zaidi, mradi vyombo vya pande zote mbili na mtandao wenyewe viruhusu.

Jambo la pili ni uchelewaji. Setilaiti nyingi za mawasiliano zinazoonekana kusimama juu ya ikweta ziko karibu kilomita 36,000 kutoka duniani. Wimbi la redio likienda na kurudi husafiri kilomita 72,000. Kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua sekunde 0.24. Swali la mpimaji huchukua muda huo kumfikia mgonjwa, na jibu huchukua muda huo tena kumrudia mpimaji. Basi mpimaji husikia kimya cha karibu nusu sekunde, hata kama mgonjwa amejibu papo hapo. Uchunguzi wa lugha 10 za ulimwengu uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika mazungumzo ya kawaida kimya kati ya swali na jibu ni sekunde 0.2 hivi. Hivyo basi, setilaiti huweza kumfanya mtu mzima wa afya aonekane kama anatafuta maneno. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti kati ya Afrika Mashariki na ulimwengu ilitegemea setilaiti hadi mwaka 2009, zilipofika pwani kebo za nyuzi za kioo zinazopita chini ya bahari. Katika kioo nuru husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na kebo ya kilomita 10,000 huchelewesha kwa sekunde 0.05 tu. Mashine za njiani huongeza kiasi fulani, hata hivyo tofauti ni kubwa.

Jambo la tatu ni kukatika. Intaneti huivunja sauti katika vipande vidogo, kila kimoja kikibeba mara nyingi sehemu mbili za mia za sekunde, yaani sekunde 0.02. Kipande kimoja kikipotea, kompyuta hujaza pengo kwa kukisia. Vikipotea vipande kumi mfululizo, silabi nzima hutoweka. Katika Kiswahili hasara hiyo ni kubwa, kwa kuwa silabi moja hubeba sarufi nyingi: "anasoma" na "alisoma" hutofautiana kwa silabi moja tu. Silabi iliyomezwa na mtandao na silabi iliyoachwa na mgonjwa hufanana masikioni mwa mpimaji.

Jambo la nne ni ukubwa wa sauti, na hili humhusu zaidi mgonjwa wa Parkinson. Maikrofoni za kompyuta na simu zimetengenezwa zijirekebishe zenyewe. Sauti ikiwa hafifu huikuza, ikiwa kubwa huipunguza. Kwa mazungumzo ya kawaida hiyo ni fadhila. Kwa mpimaji ni kinyago kinachoficha dalili. Pia, mahali palipo wazi, mtu akisogea kutoka sentimita 60 hadi sentimita 30 karibu na maikrofoni, sauti inayoifikia huongezeka kwa desibeli 6 hivi, bila yeye kusema kwa nguvu zaidi. Vilevile baadhi ya programu za mazungumzo huchuja kelele za chumbani, na katika kuchuja huweza kufuta minong'ono na miguno ya kusitasita, nayo ni sehemu ya dalili.

Matatizo haya yana tiba. Kinasa sauti kikiwekwa kwa mgonjwa mwenyewe, kikarekodi sauti kabla haijaingia katika mtandao, rekodi hiyo ikatumwa baadaye, mpimaji ataweza kuisikiliza bila makosa ya njiani. Umbali kati ya mdomo na maikrofoni ukipimwa na kuwekwa uleule, na kipimo cha desibeli kikiwa mezani, ukubwa wa sauti hupimika. Tena kabla ya kuanza mtihani, mtu mzima wa afya aliye pamoja na mgonjwa anaweza kuombwa arudie maneno kadhaa. Makosa yatakayosikika katika usemi wake yatamdokezea mpimaji hali ya waya wa siku hiyo.

Mambo ya chumbani

Si makosa yote yanayotoka katika waya. Katika mtihani wa ana kwa ana mgonjwa huonyesha picha kwa kidole. Akiwa mbali, mpimaji huenda asikione kidole hicho. Mgonjwa akiambiwa atumie mshale wa kompyuta, basi anapimwa lugha pamoja na ustadi wa kuuongoza mshale, na mkono wa mgonjwa wa Parkinson huenda unatetemeka. Picha zikipewa herufi A, B na C ili azitaje, anapimwa pia kusoma. Hivyo mpimaji hana budi kuchagua njia isiyoongeza mzigo mpya, kama vile kuweka kamera ya pili inayoitazama meza.

Kuna pia jamaa wa mgonjwa. Msaada wao ni muhimu, kwani ndio wanaowasha vyombo na kupanga vitu. Lakini mke aliyezoea kummalizia mumewe maneno kwa miaka miwili atamdokeza hata katikati ya mtihani, pengine bila kujua. Inafaa aelezwe mapema kwa upole na heshima kwamba kimya cha mumewe nacho ni jibu.

Kwa upande mwingine, kumpima mtu nyumbani kwake kuna faida ambazo hospitali haina. Hakuchoka kwa safari, hana hofu ya mahali pageni, na anaweza kupimwa kwa vipindi vifupi. Uchovu hupunguza alama, na yeyote anayempima mgonjwa aliyesafiri usiku kucha kwa basi anapima lugha na safari pamoja.

Kipimo cha Kiswahili

Chombo cha kupimia si waya tu. Mtihani wenyewe nao ni chombo. Mtihani wa picha wa Boston una picha ya nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini ya dunia, na ya mnyama wa mtoni wa Ulaya na Marekani ajengaye mabwawa. Mkulima wa Iringa au mvuvi wa Lamu asiyeyataja majina hayo hajapoteza chochote. Wala haitoshi kuutafsiri mtihani wa Kiingereza. Katika Kiswahili sehemu kubwa ya sarufi imo katika upatanisho. Katika sentensi "Vikombe vile vitatu vimevunjika" kiambishi kimoja kimetokea mara nne. Mtihani wa Kiswahili usiochunguza upatanisho utakuwa umeacha mlango mkuu.

Kadhalika mpimaji aliye mbali asisahau lahaja. Mzee wa Mombasa akisema "ndia" badala ya "njia", hakukosea. Hiyo ni Kimvita. Msemaji wa Kiswahili cha Kongo akisema "batoto" hakupoteza upatanisho wa ngeli. Kwa kuwa watu wengi wa Afrika Mashariki husema lugha mbili au tatu, jamaa waulizwe kwanza: mgonjwa alikuwa akisema lugha gani nyumbani, gani kazini, na alizisemaje kabla ya kuugua? Kadiri mpimaji anavyokuwa mbali ndivyo anavyokuwa rahisi kuwa mgeni wa usemi wa mgonjwa.

Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianza kuwafunza wataalamu wa matamshi na lugha kwa ngazi ya shahada mwaka 2008. Hata hivyo wataalamu wa fani hiyo katika nchi zetu bado ni wachache mno wakilinganishwa na watu wanaowahitaji. Upimaji wa kutoka mbali huweza kuukuza ufanisi wao, lakini kwanza ipatikane mitihani iliyotungwa ndani ya Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji, kisha ijaribiwe kwa watu wazima wa afya ili ijulikane alama za kawaida ni zipi.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuonyesha kanuni kuu ya makala haya kwa simu mbili tu.

1. Andika orodha ya maneno 20 yanayokaribiana kwa sauti, yakiwa yamechanganywa: suka, fuka, suta, futa, saa, faa, saidi, faidi, samani, thamani, zana, dhana, saka, shaka, na mengine ya namna hiyo.
2. Mwanafunzi mmoja ayasome mbele ya darasa, na wenzake waandike wanachosikia. Kisha ayasome tena kwa mpangilio mwingine akiwa amewapa mgongo.
3. Aende chumba kingine, ayasome kwa simu kwa mpangilio wa tatu.
4. Wanafunzi wahesabu makosa ya kila mara na kutafuta wastani wa darasa.
5. Juma linalofuata warudie hatua ya tatu kwa simu nyingine.

Msomaji ni yuleyule na usemi wake haukubadilika. Basi kama makosa yanazidi, darasa lijadili yametoka wapi: kutoona midomo, simu, au kelele za chumbani? Na kama simu mbili zimetoa hesabu mbili, ni ipi ingetumika kumpima mgonjwa, na kwa nini ingepasa kutumia hiyohiyo kila mara?

Hitimisho

Hadi sasa haijapatikana dawa ya kuponya afasia inayozidi polepole. Lakini mgonjwa aliyetambuliwa mapema anaweza kufunzwa njia za kuyahifadhi maneno anayoyahitaji zaidi, kurekodi sauti yake, kuandaa daftari la picha, na kueleza matakwa yake juu ya jamaa na mali yake wakati ulimi bado unamtii. Muda huo hauna ziada. Upimaji wa kutoka mbali huweza kumwokolea sehemu ya muda huo, mradi masharti yake yafuatwe: vyombo vilevile, umbali uleule, lugha yake mwenyewe, na mpimaji anayejiuliza kila mara kama kosa alilolisikia limetoka kwa mgonjwa au limeingia njiani.